Chupa ya Mwisho ya Isaïe

Chupa ilikuwa imesimama siku nne juu ya kabati la jikoni, na kwa siku zote nne Emérence hakumruhusu mtu aiguse. Kila alipopita kuchota maji aliitazama, na kila alipoitazama alifanya ishara ya msalaba, ndogo tu, kwa kidole gumba, kama mtu anayejikuna kifuani.

Ilikuwa ya mwisho. Mume wake marehemu, Isaïe, alifukia chupa sita za pombe yake kwenye mchanga chini ya kitanda, mwaka ule kabla homa haijamchukua, na shingoni mwa kila chupa alifunga karatasi yenye tarehe kwa mwandiko wake wa kuinama. Tano zilikwisha. Hii ya sita ilikaa gizani miaka mitatu, sawa na ujane wa Emérence. Chini kabisa, baada ya siku nne za kutulia, palikuwa pamelala mashapo meupe, membamba kama ukucha, na ndani ya mashapo hayo, kama Mungu alipenda, chachu ilikuwa bado hai.

Chachu yenyewe ilitoka mbali. Padri mmoja mzee alirudi kutoka likizo Ulaya na chupa ya bia ya watawa, ile ambayo haichujwi, akampa Isaïe aliyekuwa seremala wa parokia. Mwingine angekunywa na kutupa chupa. Isaïe aliacha mashapo ya kimo cha vidole viwili chini, akayalisha, akayakuza, na kwa miaka kumi na miwili alipika pombe ya mahindi ambayo mtaa mzima wa Kabondo, hapa Kisangani, uliijua kwa harufu. Alipokufa, Emérence aliendelea kuilisha chachu ile kwenye bokali, mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, kila Jumatatu, kama mtu anavyolisha kuku wake. Mungu hakuwapa mtoto. Kitu pekee chenye uhai ambacho Isaïe alimwachia kilikuwa kile, kwenye bokali.

Halafu mwaka huu tifoidi ikamlaza hospitali mwezi mzima, na hakuna aliyekumbuka bokali. Aliporudi akafungua, siki ikampiga puani. Alijaribu hamira ya mkate. Wanywaji wakasema pombe inanuka duka la mikate, wakahamia kwingine. Alijaribu chupa za dukani. Zile huchujwa kiwandani, chini yake hamna kitu, safi kama maji ya mvua. Ndipo alipopiga magoti kando ya kitanda na kuanza kuchimbua mchanga.

"Hodi!"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Aliijua sauti kabla neno halijaisha. Amuri alisimama mlangoni mwa jiko la nyuma, kofia yake nyeupe mkononi, weusi wa bati kwenye kucha. Alikuwa fundi wa kutengeneza mbabula za makala, yale majiko ya bati ya kuwashia makaa, kule Makiso karibu na soko, na miaka miwili iliyopita alikuja hapa kuchukua kipimo cha kifuniko cha sufuria kubwa. Kifuniko kimoja kilimchukua wiki tatu, maana kila siku alipata sababu ya kurudi kupima. Jirani yake Emérence, Françoise, mpaka leo, akikiona kifuniko hicho huuliza kama kimeshakwisha.

"Karibu. Lakini kwanza unawe mikono."

"Nimetawadha alfajiri."

"Tena. Na sabuni, mpaka viwiko."

"Ah bon! Donc tunaenda kusali?"

"Karibu hivyo."

Alinawa. Emérence alitazama maji yakishuka kwenye mikono ile yenye makovu madogo ya bati, akageuka haraka kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Hii maji ya kahawia iko nini?" Amuri aliuliza.

"Kimea. Mahindi niliyaotesha, nikayaanika, nikayasaga, nikayachuja, nikayachemsha na sukari kidogo. Ndiyo chakula yake. Sasa lazima ipoe. Ikiwa moto, itaiua. Ikiwa baridi, italala."

"Na utajua namna gani? Hauna kipimo."

"Shavu."

"Shavu?"

Emérence aliinua sufuria ndogo, akaigusisha kwenye shavu lake, akangoja. Halafu, bila kufikiri, akaigusisha kwenye shavu la Amuri.

"Unasikia nini?"

Nyuso zao zilikuwa karibu kuliko zilivyowahi kuwa tangu siku ya kifuniko, na katikati yao palikuwa na sufuria tu.

"Sisikii kitu," alisema polepole. "Si moto, si baridi."

"Basi ni hapo hapo."

Hakuna aliyeiondoa sufuria. Ng'ambo ya ua, Françoise, aliyekuwa anachambua pondu, majani ya muhogo, barazani kwake, alikohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa wowote.

Emérence akawasha utambi, akaupitisha mdomoni mwa chupa ili moto uchome uchafu. Akafungua kifuniko. *Psss*. Ilikuwa sauti ndogo, lakini ilikuwapo.

"Umesikia?" Alisahau hata kunong'ona. "Umesikia? Pumzi yake bado iko!"

Akaiinamisha shingo ya chupa, Amuri akashika kitako. Walimimina pamoja, kwa mwendo mmoja usiosimama, pombe safi ikishuka kwenye glasi, hadi wingu jeupe lilipokaribia shingo.

"Basi! Acha, acha."

Vidole viwili vilibaki chini. Kabla ya kuendelea ilimbidi aonje, kwa sababu pombe ikiwa siki, mashapo nayo yameoza. Alichukua glasi akanywa funda moja, akafumba macho.

Ilikuwa Isaïe. Ilikuwa Jumapili moja mchana, Isaïe na shati lake la parokia, amekaa kwenye kigoda kilekile, akimwambia, onja uniambie ukweli. Emérence alikaa na funda lile mdomoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipofumbua macho alikuta Amuri ametazama uani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Iko muzuri?" Amuri aliuliza akiwa bado ametazama huko.

"Iko muzuri."

"Sawa."

Akamimina kimea kilichopoa ndani ya chupa, juu ya mashapo, akatikisa, akafunika mdomo kwa kitambaa alichokichemsha, akakifunga kwa uzi, si kwa kukaza, ili ipumue.

"Sasa?"

"Sasa tunangoja. Siku mbili, tatu. Ikiamka utaona povu pale juu, kama pete nyembamba."

"Na isipoamka?"

Swali hilo lilikuwa limekaa jikoni pamoja nao tangu asubuhi. Jana yake, Ijumaa, mama yake Amuri, Mama Hadidja, alikuja na mtandio wake mweupe, akaketi mkekani, akaleta neno la mume wake, Papa Djuma. Hakuwa mkali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali.

"Binti," alisema, "wewe uko mutu wa Kitabu. Dini yetu haimukatazi mwanangu kukuoa. Utaenda Misa yako, hakuna atakayekuzuia. Lakini pombe haitaingia kwetu, na mutu wa kupika pombe haitaingia. Papa Djuma amengoja mwaka mzima. Kule Yahuma ndugu yake iko na binti, anaitwa Khadija. Mwezi huu ukiisha, anafunga neno Amuri amuoe."

Emérence sasa alikunja kitambaa cha kufutia mikono mara mbili, mara nne.

"Isipoamka," alisema, "Mungu amesema. Nitafunga jiko, nitakuja kwa baba yako mikono mitupu."

"Na ikiamka?"

"Ikiamka siwezi kuiua, Amuri. Usiniombe hiyo."

"Sijakuomba."

"Najua."

Amuri aliitazama chupa. Ilikuwa chupa ya kawaida ya kahawia, na karatasi yenye mwandiko wa mtu mwingine shingoni. "Ikiamka nitaongea na muzee," alisema. "Nitapata njia."

"Njia gani?"

"Sijue bado. Usiniulize leo." Akavaa kofia, akainua macho kwenye paa, pale bati lilipokuwa limetoboka. "Kesho nakuja kutengeneza hii paa. Mvua ikija itakulowesha wewe na chupa yako."

"Kesho iko Misa, halafu mazishi ya mama ya Claudine wa parokia. Sitarudi mbele ya saa tisa."

"Nenda tu. Françoise iko pale, atanilinda nisiibe kijiko."

"Uitikise mara moja moja. Na isipate baridi, unasikia? Baridi ndiyo adui yake. Na uzee wake huu, ikilala haitaamka tena."

"Isipate baridi," Amuri alirudia, kama mwanafunzi.

*

Mvua ilianza katikati ya mahubiri, ikaendelea kaburini, ikaendelea njiani. Emérence alirudi nyumbani viatu mkononi, kitenge kimemganda miguuni, na alipofika kwenye ua wake akasikia nyundo. Roho yake ikatulia. Mtu alikuwa juu ya paa lake mvua ikimnyeshea, na mtu huyo alikuwa wake, au karibu.

"Emérence!" Amuri aliita kutoka juu. "Bati moja tu inabaki!"

Aliingia jikoni akitabasamu.

Makala kwenye mbabula yalikuwa mekundu. Upepo uliokuwa unaingia kwa ile nafasi ya bati lililotolewa ulikuwa unayapuliza kama mfua chuma. Juu ya kabati hapakuwa na kitu. Chupa ilikuwa chini, kando ya mbabula, imevikwa skafu ya Amuri kama mtoto mchanga.

Aliinyakua. Vidole vikaruka. Akaishika tena kwa kitenge, akaifungua ile skafu, akaigusisha shavuni hata hivyo, na shavu likachomeka. Harufu iliyotoka kwenye kitambaa cha mdomo ilikuwa harufu ya uji.

"Amuri," aliita. "Shuka."

Alishuka haraka, misumari bado mdomoni. Aliitema mkononi alipouona uso wake.

"Nani aliweka hii hapa?"

"Mimi. Ilikuwa baridi kama jiwe, Emérence, mvua ilipoanza. Nikaisogeza chini, mbali na moto, mkono muzima. Nikapima na shavu, ilikuwa sawa. Halafu nikapanda juu."

"Mbali? Hapa iko mbali?"

"Makala yalikuwa yanakufa! Ni upepo..."

"Nilikuambia moto unaiua. Jana. Umesimama hapo hapo."

"Na uliniambia isipate baridi."

"Siku mbili, Amuri. Ilibaki siku mbili tu."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye nguo za Amuri, yakitengeneza dimbwi sakafuni. Alimtazama Emérence, akaitazama chupa, na kitu kikabadilika usoni mwake.

"Unafikiri nilifanya makusudi."

Emérence alikaza kitenge kuzunguka chupa.

"Sema."

"Ikifa, nani anapata?" Sauti yake ilikuwa ya chini, hata yeye mwenyewe ilimtisha. "Wewe unapata mke. Baba yako anapata heshima yake. Mbabula hii umeifanya kwa mikono yako, unajua joto yake kuliko mutu yeyote wa Kisangani. Na unataka niamini hukujua?"

"Niangalie."

"Sitaki."

"Emérence. Niangalie machoni, halafu useme tena."

Alimwangalia. Uso wa Amuri ulikuwa umelowa wote, hakuna ambaye angeweza kusema mvua inaishia wapi. Na bado alisema tena.

"Uliiua."

Amuri alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo cha kazi na kukiandika moyoni.

"Bon," alisema. "Miaka miwili nashindana na mutu aliye chini ya udongo. Yeye hakosi tena. Hachelewi, haunguzi kitu. Mimi nikigusa, naharibu. Jana ulipoonja ile glasi nilikuona. Nikasema si kitu, iko haki yake. Na leo nilitaka iamke. Mimi, mutoto ya Papa Djuma, nilisimama hapa kuomba pombe iamke, Mungu anisamehe. Na wewe unaniita muuaji."

Kama Emérence angenyamaza hapo kwa muda wa kuvuta pumzi moja tu, angeyasikia maneno yale. Lakini shavu lilikuwa linamuuma, na mikononi mwake alikuwa na mume wake aliyekufa mara ya pili.

"Toka."

Amuri alitoka. Lakini hakwenda. Emérence alisikia ngazi ikilia, halafu nyundo. Alikuwa anapigilia bati la mwisho. Msumari kwa msumari, bila haraka, huku mvua ikimpiga. Emérence alikaa sakafuni na chupa mapajani akisikiliza kila pigo, na moyoni alisema, sasa nitamwita, baada ya msumari huu nitamwita. Misumari ikaisha. Ngazi ikashushwa, ikalazwa ukutani vizuri. Halafu mlio wa baiskeli kwenye matope.

Jiko halikuvuja tena.

*

Jumatatu na Jumanne hakufungua mlango. Alisali rozari, akasali tena. Mara kumi aliichukua chupa aimwage, na mara kumi mkono ulikataa. Aliirudisha juu ya kabati, akaitikisa kwa mazoea, kama mtu anavyomsogezea shuka mgonjwa aliyekwisha kukata roho. Juu ya kimea hapakuwa na kitu.

Jumatano saa nne Françoise hakubisha. Aliusukuma mlango kwa nyonga, bakuli la wali mkononi.

"Ma sœur, kula. Halafu nikuambie, kwa sababu ukisikia kwa wengine itakuwa mubaya zaidi. Amuri amepanda baleinière leo asubuhi, ile boti ya kushuka Isangi. Na sanduku. Kutoka pale, pikipiki mpaka Yahuma."

"Safari njema kwake."

"Hiyo tu?"

"Unataka niseme nini?"

Françoise aliweka bakuli mezani kwa nguvu, wali ukaruka. "Mimi nilikuwa barazani Jumapili yote. Umeniuliza? Haujaniuliza! Ile mutu alishuka kutoka kwa paa mara tatu, ndani ya mvua, kuja kuweka shavu kwa ile chupa. Mara tatu. Nikamucheka, nikamuambia, Amuri, unabusu chupa? Akasema, Françoise, nyamaza, hii ikifa nimekwisha. Ya nne hakushuka. Upepo ulishika bati, alikuwa ameilalia na tumbo isiruke. Alors, kama uliona muuaji, mimi sikuona."

Emérence alishika ukingo wa meza. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulifunga mlango siku mbili! Nikigonga, unasema uko kwa rozari."

Emérence alimpigia Amuri simu. Sauti ya mwanamke ilimwambia kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Alipiga tena mchana, akapiga jioni. Kwenye mto, baada ya mji kupotea nyuma, hakuna mtandao. Hata yeye alilijua hilo, lakini alipiga.

Alhamisi asubuhi alichukua chupa kuitikisa kama kawaida, akasimama.

Akaenda nayo mlangoni, kwenye mwanga. Juu ya kimea, ikishikamana na kioo kuzunguka pande zote, palikuwa na pete. Nyembamba, nyeupe, kama uzi. Na kutoka chini, moja baada ya nyingine, bila haraka, zilikuwa zinapanda chembe ndogo za hewa.

Haikufa. Sehemu yake iliungua, ndiyo, lakini sehemu nyingine, zile za nyuma zilizokuwa mbali na makala, labda zile ambazo skafu ilizifunika vizuri zaidi, zilibaki, zikahema, zikajikusanya. Ilihitaji siku tano kwa sababu ilikuwa mzee na ilikuwa imejeruhiwa. Ilihitaji kungojwa tu.

Emérence aliiviringisha ndani ya skafu ya Amuri, akaifunika kwa kitenge, akatoka mbio bila kufunga mlango.

*

Mama Hadidja alikuwa uani kwake, amekaa mbele ya mbabula, akikanda unga wa ile mikate midogo ya kukaanga ambayo majirani huja kuchukua na chai. Mvua ilikuwa imeacha baridi. Kabla hata ya kuitikia salamu, mama yule alifunika bakuli la unga, akalivika kitambaa kizito, akalisogeza kando ya makala. Akaligusa kwa mgongo wa mkono. Akalisogeza tena kidogo.

Emérence alisimama katikati ya ua.

"Karibu, binti. Mbona unanitazama hivyo?"

"Mama. Unafanya nini na huo unga?"

"Naiamsha. Kwa baridi hii inasinzia." Alicheka kidogo, bila furaha. "Wote siku hizi munataka kujua unga yangu. Amuri naye, Jumapili alikuja kula saa sita, ameloa mpaka mifupa. Akaniuliza, mama, unga ikilala kwa baridi unaiamsha namna gani? Nikamuambia, uivike kitambaa, uisogeze kwa makala. Nikafurahi, nikasema kumbe mwanangu anakumbuka jiko la mama yake."

Emérence alifungua kitenge. Mama Hadidja aliiona skafu ya mwanawe kwanza, halafu shingo ya chupa iliyotokeza, halafu karatasi yenye tarehe. Mkono wake uliokuwa na unga ukaganda hewani.

"Kumbe ilikuwa hiyo," alisema.

"Ilikuwa hii, mama."

"Astaghfirullah. Mimi mwenyewe nilimufundisha." Alifunga macho. "Na alirudi kwako mbio. Hakumaliza hata chakula."

"Nilimwita muuaji, mama. Nilimfukuza." Emérence alipiga magoti pale pale kwenye matope ya ua. "Mumwite. Mutume mutu. Nitafunga jiko leo. Tazama, nitaimwaga hapa, mbele yako, mbele ya Papa Djuma, na kifuniko na sufuria nitavileta." Na akaanza kufungua uzi wa kitambaa, vidole vikimkataa, na alipoona fundo haliachi, akaling'ata kwa meno.

"Usimwage," Mama Hadidja alisema.

"Acha, mama, nimwage."

"Binti. Usimwage. Haisaidii tena."

Alisema kwa upole, na ni ule upole uliomfanya Emérence aache uzi.

"Juzi, Jumanne, alienda mwenyewe kwa baba yake. Hakuna aliyemusukuma. Alisema, mutu niliyemutaka ameniona machoni akaniita muuaji, fanyeni munavyotaka. Wazee wakaja, fatiha ya posa ikasomwa. Mahari iko naye ndani ya boti. Kule wanamungoja na ndoa Jumapili." Alijifuta unga mikononi, polepole, kidole kwa kidole. "Baba yake alifurahi. Mimi niliingia ndani kulala. Nilikuwa nimeanza kukuzoea."

Emérence alibaki magotini. Kando ya makala, chini ya kitambaa, unga ulikuwa unainuka kimya kimya.

"Simama," Mama Hadidja alisema. "Batu wanaona." Akamshika mkono, akamwinua, na kwa ukingo wa mtandio wake mweupe akampangusa matope magotini. Halafu akaichukua ile skafu, akaitoa kwenye chupa taratibu, akaikunja, akaibakisha kwake. Chupa akamrudishia. Aliishika kwa vidole viwili tu, lakini alimrudishia.

*

Chachu iliyoamka huwa na njaa. Isiposhiba siku ileile hujila yenyewe hadi ife. Isaïe alimfundisha hivyo, na mambo hayo hayangoji mtu amalize kulia.

Emérence alifika nyumbani akakoka moto. Akachemsha kimea. Akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko. Akapitisha mwali mdomoni mwa bokali. Juu yake bati jipya lilikuwa linang'aa, na mvua iliporudi ikapiga pale bila kupita hata tone moja.

Sufuria ilipoanza kupoa aliiinua, akaigusisha kwenye shavu, akangoja limwambie. Halikumwambia kitu. Lilikuwa limelowa lote, na shavu lililolowa haliwezi kupima. Alijifuta kwa kitenge, akajaribu tena, likawa limeshalowa.

Mara ya tatu aliiweka sufuria chini, akaketi kwenye kigoda na mikono mapajani, akangoja shavu likauke.